Breka ya Chumba cha Mwisho

Katika nyumba ya vyumba vitano tuliyopanga Bwera, mpakani, breka kuu ilikuwa ikikata umeme kila mvua iliposhuka kutoka milimani. Ikikata tu, wapangaji wanamlaumu mama wa chumba cha mwisho, aliyekimbia vita upande wa Beni. Eti taa yake ni mbovu, tena anapikia koili ya umeme kwa siri. Maneno hayo yalinikera sana. Umeme unajua nani mkimbizi?

Jumapili moja jioni mvua ilituzimia umeme tena. Nikafungua boksi la breka ukutani, nikazishusha zote, kisha nikaanza kuzipandisha mojamoja huku majirani wamesimama nyuma yangu. Nilianza na ya chumba cha mwisho, makusudi, wajionee. Ikakaa. Za vyumba vingine nazo zikakaa. Nilipopandisha ya taa ya uani, nyumba nzima ikazimika papo hapo. Nilifungua kifuniko cha taa ile, maji yakanimwagikia mkononi. Nikaiacha breka yake chini, nikarudisha umeme vyumbani.

Majirani wakarudi vyumbani, hata pole hakuna. Nikaenda mwenyewe kumwambia yule mama kwamba tatizo limepatikana. Nilimkuta amekaa gizani kando ya sigiri yake ya makaa. Kumbe balbu yake alikuwa ameitoa, ameifunga ndani ya kitenge.

“Balisema taa yangu ndiyo inazimisha nyumba yote,” akaniambia. “Njo maana niliitoa, tangu ile mvua ya kwanza. Sasa naweza kuirudisha?”