Mbuzi Wangu Hakula Gazeti

Mbuzi wangu hakula gazeti. Naanza na hilo kwa sababu hapa kwetu Gonja wapo wanaocheka hadi leo wakipita karibu na banda lake, na mnyama mwenyewe hana hatia.

Mwalimu wa darasa la sita, kijana aliyeletwa kutoka kanda ya ziwa, alikuwa na utaratibu wake. Gazeti lilimfikia kwa basi kutoka Same, mara nyingi limeshachelewa siku tatu au nne. Alilitenganisha kurasa, na Ijumaa kila mtoto akapewa ukurasa mmoja aende nao nyumbani. Amsomee mzee wa pale nyumbani, mzee aulize swali, na Jumatatu ukurasa urudi na swali lake, kurasa ziunganishwe, darasa zima lijadili. Akawaonya: waambieni wazee gazeti hili si la kuwashia moto wala kufungia vitumbua. Mjukuu wangu aliponieleza hayo nilikasirika. Mimi nilipita kisomo cha watu wazima, miezi michache tu, na kusoma kwenyewe nilikuzoea kwa magazeti yaliyobandikwa ukutani nyumbani. Sasa kijana huyu anifundishe mimi heshima ya gazeti?

Basi Ijumaa moja mtoto akaleta ukurasa wenye matangazo ya vifo. Macho yangu siku hizi yana ukungu, herufi ndogo hazionekani, ila picha niliiona. Nikamwambia asome. Kumbe ni mwenzangu wa kisomo, tuliyegawana naye kalamu moja, akaolewa mbali, na tangu hapo sikusikia habari zake tena. Jina lake ninalo, la baba yake ninalo, na la kila ndugu yake. Siyaandiki hapa. Picha yake ndiyo sikuwa nayo. Mtoto alinisomea mara mbili, kisha akashuka shambani kukata majani ya mbuzi.

Nikachukua kisu cha mboga, nikaikata ile picha, nikaiweka ndani ya Biblia. Kwamba karatasi ina upande wa pili, wala sikuwaza. Mtoto aliporudi akaugeuza ukurasa, akakuta tundu katikati ya habari ya ugonjwa unaoozesha tangawizi, ile ile iliyosubiriwa na darasa zima, maana nyumba gani huku haina shamba la tangawizi?

Alilia bila sauti. Akasema nimpe ile picha aibandike kwa uji wa unga, mwalimu ataelewa. Lakini mimi nilishaona aibu ya kuwa ndiye kikongwe yule yule ambaye mwalimu alimsema. Nikausukuma ukurasa uliobaki motoni, chini ya sufuria ya makande.

"Mwambie mwalimu mbuzi ameula."

"Lakini hakuula, Bibi."

"Mwenye mbuzi ni mimi."

Alikwenda, akasema hivyo.

Nilidhani yameisha. Mwalimu hakumgombeza. Alicheka, akasema habari imejileta yenyewe, darasa liandike ya kwao, ibandikwe kwenye gazeti la ukutani. Habari, aliwaambia, hutaka nani, nini, wapi, lini, na shahidi. Jumatano jioni wakanijia watatu na madaftari, wakaniamkia, wakaketi barazani. Nikawapa ndizi. Binti wa jirani, mwenye mdomo mwepesi, akauliza: mbuzi hufungwa bandani, gazeti lilimfuata huko? Nikasema alikata kamba. Akataka kuiona kamba. Nikasema nimeitupa. Mwingine akauliza mbuzi alianzia wapi kula, nikajibu alianzia pembeni, akamalizia na waliofariki, kwa kuwa hana adabu. Wakacheka mpaka kalamu zikawaanguka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijiona hodari. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, haandiki kitu.

Siku ya kikao cha wazazi watu wazima waliisoma habari ile ukutani, maneno yangu yote yamo, wakanipa mikono kama niliyetoa mahari ya mtu.

Ijumaa iliyofuata mtoto akarudi bila ukurasa. Alisema amemwomba mwalimu ampe mwenzake. Ijumaa ya pili vivyo hivyo. Maji aliniteka, chakula alinipikia, nikimwita aliitika, lakini kusoma hakunisomea tena, hata Neno la jioni. Alisema ana kazi za shule. Nami sikuthubutu kumshurutisha, maana kuifungua ile Biblia kungemkutanisha na picha. Tukakaa hivyo, mimi na yeye, nyumba imetulia kama ya msiba. Mimi nilitunga uongo, yeye ndiye aliyekuwa akiupita ukutani kila asubuhi.

Jumatatu moja nikapanda shuleni na ile picha mkononi. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aseme yameisha, Bibi, nenda kapumzike. Badala yake aliniomba niyaseme mbele ya darasa, waandike masahihisho, kwani gazeti likikosea hujisahihisha. Nikasimama mbele yao. Nikasema niliyekata ni mimi, niliyechoma ni mimi, na mjukuu wangu alisema kwa kuwa nilimwamuru. Binti wa jirani akanyoosha mkono.

"Na kamba, Bibi?"

"Kamba ipo. Haijakatika."

Hakuna aliyecheka. Mjukuu wangu alikuwa ameinamia daftari, na safari hii aliandika.

Amerudi kunisomea, namshukuru Mungu. Wiki iliyopita walipewa kazi ya kuuliza jinsi shule yao ilivyojengwa. Nikamweleza jinsi sisi wanawake tulivyobeba mawe kutoka mtoni, nani alitangulia, nani alianguka na mimba yake njiani. Akaishusha kalamu.

"Nani mwingine anaweza kusema hivyo, Bibi?"

Nikaanza kuwataja mmoja mmoja, jina na ukoo, kuanzia wa mbele hadi wa mwisho mstarini. Nilipomaliza nikagundua nimetaja marehemu watupu. Alisubiri kwa adabu, kisha akaandika. Nikamwomba anisomee alichoandika.

"Bibi anadai kwamba wanawake walibeba mawe."

Kila jiwe nililibeba kweli. Nikamwambia aache hivyo hivyo, aendelee na swali linalofuata.