Siku Waya wa Klachi Ulipokatika kwenye Njia ya Migato

Pikipiki ilifika Bariadi juu ya lori la saruji, imefungwa kamba huku na huku kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Aliyeituma kutoka Mwanza ni Keneth, mdogo wake Esteria. Keneth alikuwa ameanguka nayo mara moja, na ingawa hakuumia sana, mkewe alimwambia achague moja, naye akachagua ndoa. Akampigia dada yake simu. Alisema hana moyo wa kumpa mtu asiyemjua, na kwamba Esteria ni mrefu na kazi yake ni ya barabarani, kwa hiyo aichukue, iwe yake.

Esteria alikuwa afisa mifugo katika wilaya ya Itilima. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na moja, mwanamke asiye na maneno mengi, mwenye mikono mikubwa iliyozoea pembe na sindano. Aliishi Somanda, mjini Bariadi, na mumewe Joakim, mwalimu wa hisabati. Asubuhi alikwenda ofisini Lagangabilili, na kutoka hapo kwenda popote mfugaji alipomwita. Kwa miaka tisa alikuwa akipanda boda, au kugombania pikipiki ya ofisi, ambayo ilikuwa ikiugua kuliko ng'ombe wenyewe.

Hii ya Keneth haikuwa pikipiki ya kubebea abiria. Injini yake ilikuwa ya cc mia nne, na haikuwa na kava hata moja. Mbele taa moja ya duara, kisha tangi jeusi, na chini yake injini yote nje, mabomba na nyaya zikionekana kama mishipa ya shingo. Fundi Januarius, mwenye gereji ya mabati hapo Somanda, aliizunguka mara mbili. Mwishoni akamwambia Esteria kwamba pikipiki ya namna hii Wazungu huiita ya uchi, kwa sababu haijavishwa chochote. Wauza nyanya waliokuwa karibu walisikia. Tangu siku hiyo, Esteria akipita, walimuuliza kwa upole kama leo ameivalisha.

Kuishi nayo kulimfundisha mambo. Alijifunza kwamba kwenye foleni ya sokoni injini humchoma mapaja, na kwamba mwezi wa saba, kwa kuwa mbele hakuna kinga yoyote, upepo wa asubuhi hupenya koti na kukaa kifuani. Alijifunza kutonunua petroli ya chupa, maana pikipiki ile ilikohoa siku nzima alipothubutu. Spea za kawaida hazikuiingia. Pedi za breki ziliagizwa Mwanza na kuja kwa basi, na wakati mwingine alizisubiri wiki mbili. Alibadilisha mtindo wa kusuka nywele ili helmeti iingie. Kila Jumamosi alisafisha cheni kwa mswaki wa zamani wa Joakim na kuipaka mafuta, na Joakim, ambaye hakuwahi kujifunza kuendesha hata baiskeli, alikaa kwenye kigoda akimsomea makosa ya wanafunzi wake mpaka wote wawili wanacheka.

Lakini ilipenda barabara. Ndivyo Esteria alivyozoea kusema. Kwenye lami ilitulia chini yake, haikutetemeka wala kulalamika, na kwenye vumbi, akiweka gia ya tatu na kulegeza mikono, ilijitafutia njia yenyewe. Watu aliokuwa akiwafikia kwa siku mbili akawafikia kwa asubuhi moja. Alifunga deli la chanjo, lile sanduku la kutunzia baridi, nyuma ya kiti kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, na barafu ilikuwa haijayeyuka akifika.

Jambo moja alilifanya kwa sababu ya Januarius tu. Siku moja fundi huyo alimpeleka uwanja wa mpira, akaulegeza waya wa klachi mpaka ukawa hauna kazi, akamwambia aendeshe hivyo hivyo. Esteria alidhani anataniwa. Fundi akamweleza kwamba pikipiki iwashwe ikiwa haina gia, isukumwe mpaka itembee, ndipo apige gia ya kwanza. Baada ya hapo, kila akitaka kubadili gia, apunguze mafuta kidogo, asikilize, na mguu utajua wenyewe. Walirudia mpaka jua likawa kali. Esteria alirudi nyumbani na goti lililovimba na hasira kidogo, akimwambia Joakim kwamba fundi amempotezea Jumapili.

Mwaka wa pili, katikati ya masika, simu ilimkuta ofisini Lagangabilili saa mbili asubuhi. Aliyepiga ni Nyanjige, mama wa makamo wa kata ya Migato, mke wa mfugaji aitwaye Mzee Salu. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba. Alisema fahali wao mwekundu jana jioni alikula vizuri na asubuhi wamemkuta amekufa. Tumbo limevimba, na puani inatoka damu nyeusi isiyoganda. Wanaume wanatafuta visu.

Esteria aliuliza kama wameshamchuna.

"Bado," Nyanjige alisema. "Nimewaambia wakungojee. Lakini sijui watanisikiliza kwa muda gani, mayu, mama yangu."

Esteria alijua anachosikia. Kimeta huua ng'ombe ghafla, na mtu anayemchuna au kumla anaweza kumfuata. Alimwambia Nyanjige asiruhusu mtu yeyote kuigusa damu ile wala kumpasua fahali. Akampigia mkuu wake, akafunga deli, akachukua glavu, chokaa na vichupa vya sampuli, akaondoka.

Barabara ilikuwa imenyeshewa siku tatu. Udongo mweusi wa mbugani ulishika matairi na kujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, na mara mbili alishuka kuukwangua kwa kijiti alichokuwa akikibeba kwa kazi hiyo. Mara ya tatu, akiwa anaitoa pikipiki kwenye tope kwa gia ya kwanza, alisikia mlio mdogo, kisha mkono wa klachi ukalala kwenye mpini bila uzito wowote. Pikipiki ikaruka mbele, ikazimika. Waya ulikuwa umekatika.

Alikaa juu yake kidogo. Mbele yake zilibaki kama kilomita saba. Simu haikuwa na mtandao mahali pale. Alifikiria kutembea, akahesabu saa, akaona visu vitamtangulia. Hapo ndipo Jumapili ile ya uwanjani ilipomrudia, goti na yote.

Kando ya njia kulikuwa na wanawake wanne wanapalilia pamba. Esteria aliwasalimia kwa Kisukuma, wakaitika, na akawaeleza kwa kifupi. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Waliweka majembe chini, wakakunja kanga, wakashika kiti na taa za nyuma. Aliweka gia huru, akapiga stata, injini ikawaka. Wakasukuma. Mara ya kwanza aliteleza akaangukia ubavu na tope likamjaa sikioni, nao wakamwinua pamoja na pikipiki, uzito wote ule, wakacheka kidogo, wakashika tena. Mara ya pili gurudumu lilipata nguvu, akapiga gia kwa mguu, pikipiki ikashtuka kama ndama aliyechomwa sindano, kisha ikakubali. Hakuweza kusimama kuwashukuru. Alipaza sauti tu, "Wabeja!", na alipotazama kwenye saiti mira aliwaona wamesimama wanne wote, tope mpaka kifuani, wamenyoosha mikono juu.

Kilomita zile saba alizipita bila kusimama hata mara moja. Alipunguza mafuta, akasikiliza, akapiga gia. Kwenye ng'ombe waliovuka njia alizunguka kichakani badala ya kushika breki. Uani kwa Mzee Salu aliizimisha pikipiki ikiwa bado na gia, ikasimama kwa kishindo katikati ya watu.

Walikuwa wanaume kama kumi na tano. Fahali amelala pale pale alipofia, na mmoja wa wapwa wa mzee alikuwa amechuchumaa na kisu mkononi. Baadaye Nyanjige alimsimulia kwamba walikuwa wameshakubaliana kuanza, ila waliposikia mngurumo unakuja, yule mpwa alisema basi tumsikilize kwanza, si ameshafika.

Esteria alivaa glavu kabla hajavua helmeti. Aliangalia macho, pua na miguu iliyokuwa bado milegevu, akachukua sampuli kwenye sikio. Kisha akawaeleza wazi kwamba nyama ile haitaliwa, ngozi haitachunwa, na fahali atafukiwa mzima, shimo refu kupita kimo cha mtu, pamoja na chokaa.

Mzee Salu alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto. Hakupandisha sauti. Alimvuta Esteria pembeni, karibu na boma, na akamwambia jambo ambalo wengine wote pale walilijua isipokuwa yeye. Fahali yule alikuwa ametengwa kwa jina la marehemu baba yake. Alipaswa siku moja kuliwa na ukoo mzima, kila nyumba na fungu lake. Kumtupa shimoni kama mbwa ni kumtupa baba.

Babu yake Esteria mwenyewe, upande wa mama, alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo, na alikumbuka jinsi watoto walivyokatazwa kumpiga fimbo. Angeweza kutaja sheria. Angeweza kumwita mtendaji wa kata. Badala yake alimuuliza mzee kama baba yake alikuwa mtu wa kupenda wajukuu.

Mzee alisema aliwapenda kuliko ng'ombe, na hilo si dogo.

"Basi baba," Esteria alisema, "mimi sikuja kukuambia namna ya kumheshimu mzee wako. Wewe unajua. Ninalojua mimi ni kwamba nyama hii itawaua wajukuu wake. Mwambie mwenyewe, kwa maneno yako, halafu tumfukie kwa heshima. Nitachimba na nyinyi."

Mzee Salu alimtazama Esteria, tope limemkauka usoni, koti limechanika begani. Akamuuliza kwa nini amekuja katika hali ile. Esteria akamweleza habari ya waya, na wanawake wa shamba la pamba. Mzee akaitazama pikipiki, imeegemea mti, injini bado inatoa mvuke wa matope. Akavua kofia yake.

Walichimba mpaka saa tisa. Kabla ya udongo wa kwanza kurudishwa shimoni, mzee alisimama ukingoni akazungumza na baba yake kwa Kisukuma, polepole, akimweleza yaliyotokea na kumwomba radhi kwa karamu isiyokuwepo. Esteria alisimama kando yake, glavu mkononi, ameinamisha kichwa.

Majibu ya maabara yalikuja kuthibitisha kimeta. Timu ya wilaya ilichanja ng'ombe wa vitongoji vyote vya jirani, na walioigusa damu walipelekwa kupewa dawa. Mzee Salu alipoteza mitamba wawili zaidi. Watu hawakuugua, hata mmoja.

Januarius alipelekewa habari na Esteria mwenyewe, aliyekwenda gerejini siku ile aliporudi kutoka Migato, kabla ya kupitia nyumbani, akamwambia kwamba alimkasirikia bure. Fundi alijifuta mikono kwa tambara, akasema nyaya mpya atafunga mbili, mmoja wa kazi na mmoja wa akiba, ulale kando ya wa kwanza. Kisha akageuka haraka akajifanya anatafuta spana.

Ilimchukua Esteria muda kuwapata wale wanawake wanne, kwa kuwa hakuwauliza majina. Alisimama njiani mara tatu kuulizia. Hatimaye alimpata mmoja, Specioza, ambaye aliwaita wenzake, na Esteria akakaa nao chini ya kivuli cha kibanda cha shamba wakila matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Alipojaribu kuwashukuru rasmi, Specioza alimkatiza akamwambia yeye anao ng'ombe watano, na wote wako upande ule ule wa upepo na wa Mzee Salu, kwa hiyo siku ile walikuwa wakiwasukumia na hao pia.

Mwaka uliofuata ofisi ilipata pikipiki mpya chache, nyepesi, za kijijini. Mkuu wake alimtaja Esteria wa kwanza. Yeye akaomba apewe Winnie, afisa kijana aliyepangiwa kata ya mbali na aliyekuwa akitembea kwa miguu. Mkuu akauliza kama ana hakika, maana lile jipikipiki lake litamsumbua hadi lini. Esteria akasema anajua linavyosumbua, na kwamba amelizoea.

Jumapili baada ya ibada Joakim hupanda nyuma, Biblia imebanwa kati yao, mkono mmoja umemshika mkewe kiunoni na mwingine umeshika kofia. Bado huogopa kona. Wakifika kwenye lami iliyonyooka Esteria huongeza mafuta kidogo tu, upepo ukawapiga wote wawili bila kizuizi, na Joakim husikika nyuma ya sikio lake akiimba sauti ya pili ya wimbo waliomalizia kanisani.