Meno ya Sahra na Moshi wa Ayeeyo

Enzi zetu, simu yenye kamera ilikuwa ya ukoo mzima. Naandika "enzi zetu" nikiwa na miaka ishirini na saba, na najua mama yangu akisoma atauliza: enzi gani hizo, za juzi? Lakini ni kweli. Bula yetu, mtaa wetu pale Garissa, ilitegemea simu ya eeddo, yaani shangazi yangu, dada wa baba. Ilikuwa na nafasi ya picha kumi na mbili tu. Ukitaka ya kumi na tatu, sharti umfute mtu. Leo wadogo zangu wanapiga picha arubaini za kikombe cha chai kabla hawajainywa, kisha wanalalamika kwamba imepoa.

Kabla ya simu hiyo kulikuwa na studio karibu na soko, yenye kitambaa kilichochorwa maporomoko ya maji. Sisi watu wa Garissa, ambao mto wetu unajikokota na rangi yake ya chai, tulijipanga mbele ya maporomoko yale tukiwa tumekakamaa kama askari. Siku moja nilimuuliza mwenye studio kwa nini haruhusiwi mtu kucheka.

"Wewe umekuja kupigwa bicha ama kuuliza maswali?" akaniambia.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Duksi, tulikojifunza Kurani, niliuliza. Shuleni niliuliza. Mama alichoka mpaka akawa anawaambia jirani, "Huyu akiingia kaburini, malaika ndio watakaohojiwa."

Rafiki yangu Sahra hakuuliza kitu. Aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu na bibi yake mzaa mama, ambaye bula nzima tulimwita Ayeeyo. Walihamia Garissa kutoka Wajir Sahra akiwa na miaka saba. Alikuwa amekulia maji ya kisima cha huko, maji ambayo huyapaka meno ya watoto rangi ya hudhurungi isiyotoka kwa mswaki wala kwa mkaa. Mimi nilikunywa maji ya Tana, kwa hiyo weupe wa meno yangu hautokani na usafi wangu, namshukuru Mungu na mto. Sahra alijifunza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa pembe ya mtandio. Nilimsoma kwenye mabega. Yakitikisika, anacheka.

Mama yake alikwenda Amerika Sahra akiwa na miaka mitatu, akaolewa huko, akazaa wawili wengine. Tulipokuwa darasa la nane, ujumbe ukaingia kwenye simu ya eeddo. Mama anaanza kushughulikia karatasi za kumchukua binti yake, na anaomba picha. Si ya kubandika kwenye fomu. Anataka kumwona alivyo sasa.

Sahra alikuwa ameziona picha za wale wadogo zake. Meno yao kama maziwa.

"Akiona yangu," aliniambia, "atasema huyu abaki huko huko."

"Hakuna mama wa hivyo."

"Umejuaje?"

Ndilo swali pekee ninalokumbuka Sahra kuniuliza utotoni, na mimi, bingwa wa maswali, nikalikwepa. Nikamwambia nitampiga picha nzuri kuliko msichana yeyote wa Garissa. Eeddo alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na siku ya pili yake adhuhuri alikuwa anaondoka kwenda Mandera kwa mwezi mzima, na simu yake. Alitupa hadi adhuhuri hiyo.

Baada ya sala ya alfajiri nikaanza kazi. Mama zetu walijipaka usoni qasil, unga wa majani ya mti, uliochanganywa na manjano, ili ngozi ing'ae. Desturi ni kuacha ukauke kidogo, kisha kuosha. Nikajiuliza: kama kidogo kinang'arisha, kingi si kitang'arisha zaidi? Nikatia vijiko vitatu vya manjano palipohitaji nusu. Nikamkataza Sahra asioshe mpaka jua lipande. Alikaa ukutani amekauka uso, akiongea kwa pembe ya mdomo, huku mbuzi wa jirani akimkodolea macho.

Alipoosha, alikuwa wa njano. Si wa kung'aa, wa njano kabisa, kuanzia paji la uso hadi kidevu, na shingo imebaki na rangi yake. Tulisugua kwa sabuni ya kufulia. Tukasugua kwa ndimu. Njano ikazidi kukolea.

"Abaayo, dada yangu," nikamwambia, "ni kidogo tu."

Akajitazama kwenye kioo cha Ayeeyo. "Nimekuwa mtungi wa maji, ule wa plastiki wa njano," akasema, kisha akaanza kulia.

Hapo ilikuwa saa nne na nusu. Nikamketisha dirishani kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Nikatundika shuka nyeupe ukutani. Kiti hatukuwa nacho, nikamkalisha juu ya mtungi wenyewe, nikaufunika kwa kanga asije akafananishwa nao. Nikapiga tisa. Zote amefunga midomo kwa nguvu kama mtu aliyekatazwa kutaja siri. Katika zote, macho yalikuwa mekundu na uso wa njano.

Ayeeyo akaingia ameshika dabqaad, kile chetezo cha udongo, makaa yamewaka na uunsi, ubani wetu, imeshatiwa juu. Akaanza kumzungushia Sahra moshi: mtandio, mikono, pindo la gauni, kama anavyofukizwa bibi harusi.

"Ayeeyo, hii ni picha," nikasema. "Harufu haiendi Amerika."

"Mtu haendi kwa mama yake bila kufukizwa."

"Lakini haendi. Inakwenda picha. Picha haina pua."

Ayeeyo akanigeukia, chetezo mkononi. "Naa, wewe uliyempaka mtoto wangu bizari kama kuku wa pilau, leo ndiye wa kunifundisha?"

Mabega ya Sahra yakatikisika. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa kwenye moshi, mtandio umeshikwa na Ayeeyo, hakuwa na cha kuzibia. Kicheko kikamtoka chote. Nikabonyeza.

Niliitazama ile picha. Moshi ulikuwa umejaa dirishani na kuulainisha mwanga wote, na ile njano ilikuwa imegeuka rangi ya jua la asubuhi. Alikuwa mzuri. Na meno yake yote yalikuwa nje.

"Futa hiyo," akasema Sahra.

Nilishaweka kidole pale pa kufutia. Lakini kichwa changu hakikutulia. Nikafungua picha za mama yake mwenyewe, alizowahi kutuma. Zilikuwa mbili: moja kwenye theluji, nyingine jikoni. Zote mbili midomo imefungwa.

"Ayeeyo," nikauliza, "mbona Mama Sahra naye hacheki?"

Ayeeyo alikuwa anapulizia makaa. "Acheke vipi mbele ya Wazungu? Alizaliwa kisima kile kile. Tangu msichana anajiziba na mtandio. Huyu ameiga wapi, mnadhani?"

Sahra akaichukua simu. Akaitazama picha ya jikoni muda mrefu, kisha yake, kisha ya jikoni. Mwadhini akaanza kuadhini adhuhuri, na eeddo akawa anaita mlangoni, mizigo begani.

"Tuma hii," akasema Sahra. Akanirudishia simu, nikaituma kabla eeddo hajaichukua.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Sahra hakuitaja picha hata mara moja, lakini kila gari la Mandera lilipopita alisimama mlangoni. Eeddo aliporudi alikuwa na karatasi aliyochapishiwa kwa fundi wa kompyuta: mwanamke amekaa jikoni, mtandio umeteremka mabegani, anacheka mdomo wazi, na meno yake ni ya Wajir, ya hudhurungi, yote. Chini ameandika kwa Kisomali maneno machache. Tafsiri yake ni hii: "Mwambie mama moshi umefika."

Ayeeyo alinitazama, akagusa pua yake.

Karatasi za safari zilikwama, zikaanzishwa upya, zikakwama tena. Sahra hakwenda Amerika. Ni mwalimu hapa hapa, anacheka mbele ya darasa bila kujiziba, na wanafunzi wake wanamwogopa kidogo tu.

Mwezi uliopita alitoka arubaini ya mtoto wake wa kwanza, akaniita nimpige picha ya kumpelekea mama. Simu yangu ya sasa ina nafasi ya maelfu, hainilazimishi kumfuta mtu yeyote. Nikampiga dirishani, mtoto mapajani. Akaitazama, akakunja uso.

"Naa, huyu ni nani?"

Simu ilikuwa imemsafisha bila kuombwa. Ngozi laini kama sahani, pua nyembamba, meno meupe kama ya wale wadogo zake.

"Rudisha meno yangu," akasema. "Mama hatanijua."

Nilihangaika na ile simu robo saa nikitafuta pa kuzima urembo. Zamani tulihangaika asubuhi nzima ili tupendeze, leo nahangaika ili rafiki yangu abaki alivyo. Sahra hakunisubiri. Aliinuka akaleta dabqaad. Ayeeyo hayupo tena, Mungu amrehemu, na chetezo chake cha udongo kilipasuka zamani. Hiki ni cha umeme, unakichomeka ukutani, moshi wake mwembamba na unakatika upesi. Sahra akajizungushia, akamzungushia mtoto, pindo kwa pindo.

Safari hii sikuuliza kama picha ina pua. Nilipiga goti, nikashika simu kwa mikono miwili, urembo umeshazimwa, nikangoja moshi ufike dirishani.