Karatasi ya Amri Kumi na Mbili

Nikiikumbuka ile karatasi, hasira hunipanda mpaka leo. Ilikuwa ukurasa mmoja uliofunikwa nailoni, umebandikwa ukutani pembeni mwa kompyuta, katika ofisi yetu ya kuandikisha wakimbizi pale kambini Benaco. Mtaalamu aliyeleta kompyuta alikaa nasi siku nne, akatuandikia amri kumi na mbili za kuchapa kwenye kibodi: ya kufungua orodha, ya kutafuta mtu, ya kutoa nakala, basi. Akapanda gari lake, huyoo, akaenda zake.

Mimi, binti wa kijiji cha Kirushya niliyetoka tu kumaliza kidato cha nne, niliikariri kama katekisimu. Wenzangu walinitania kwamba nimeolewa na mashine. Nilicheka, na kichwa kikavimba.

Amri ya tano ilikuwa ya kutafuta mtoto aliyepotezana na wazazi. Andika neno la kutafuta, acha nafasi, kisha jina la baba.

Akaja mama mmoja wa Kinyarwanda, miguu imevimba kwa safari. Anamtafuta binti yake wa miaka minane, walipotezana kwenye msongamano wa darajani, wakivuka mpaka. Nikachapa jina la baba. Kioo kikajibu: hakuna.

"Hayupo, mama."

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine tena. "Hebu angalia vizuri, mwanangu." Mara ya tatu nilimjibu hata kabla hajakaa, Mungu anisamehe. Akasema basi atajaribu kambi nyingine. Hakusema ipi, nami sikuuliza.

Sasa niambie, mimi si Mhangaza, mwenyeji wa hapa mpakani? Kwetu tumezaliwa sita, kila mmoja na jina lake alilopewa, hakuna aliyebeba la baba. La baba tuliongezewa na mwalimu shuleni, kwa ajili ya daftari la mahudhurio. Wanyarwanda ni vivyo hivyo. Mtoto akiokotwa peke yake hutaja jina lake, na ndilo linaloandikwa. Hayo niliyajua tangu utotoni. Lakini karatasi ilisema jina la baba, nami niliona aibu kubishana na karatasi ya mtaalamu. Upumbavu gani huu!

Niligundua siku niliyokuwa natoa nakala ya orodha ya watoto wasio na ndugu. Jina ambalo yule mama alikuwa akilitaja kila alipokuja lilikuwa hapo, mstari wa tisa, peke yake, bila la baba. Nilikwenda mbio kwenye hema la yule mama. Nikakuta wanakaa watu wengine, hawajui alikoelekea.

Mtoto alikuwa ng'ambo ya barabara tu, kwenye mahema ya watoto. Nilimkuta anaosha sahani. Nikamwambia mama yake yu hai, alikuja ofisini kumwulizia mara tatu. Akasimama, maji yanamchuruzika mikononi.

"Ukamwambiaje?"

Nikamwambia kompyuta ilikuwa mbovu. Ilikuwa nzima kabisa.