Kibuyu cha Karani

Nilisafiri kwa lori siku nne kutoka Tanga, tukakwama matopeni Kitai, hadi Mbinga nilikopangiwa ukarani wa kijiji cha ujamaa. Nilikuwa nimeugua ini karibu nife, na daktari alinipigia marufuku pombe maisha. Lakini huku, mkimaliza kumlimia mtu, kuikataa pombe yake ni kumdharau. Basi siku moja, tulipomaliza kumlimia jirani, nikajaza kibuyu changu maji kwa siri, nikayumba, nikaimba, nikaanguka mara mbili. Muuguzi wetu, Mama Komba, aliyejua habari za ini langu, akaninyang'anya kibuyu mbele ya wote.

“Unataka tukuzike, baba?”

Akaonja. Akanikazia macho.

“Maji matupu,” akawatangazia. “Huyu amelewa maji.”

Mwenye shamba alicheka hadi akakaa chini.

“Mwongezeeni karani,” akasema, “yale makali ya mtoni.”