Buti za Nyuma ya Mlango

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye makazi nje kidogo ya Mpanda, nguo nzuri kuliko zote nyumbani zilikuwa zile zisizovaliwa. Zilikaa kwenye furushi nyuma ya mlango, zimefungwa kwa kitenge kilichopauka, na mama aliziita nguo za safari. Safari yenyewe hakuna aliyeitaka. Mama alikimbia kutoka Burundi akiwa msichana, miguu mitupu, na aliapa kwamba watoto wake hawatakimbia hivyo.

Nakumbuka kwenye mitumba. Watoto wengine walichaguliwa nguo kwa rangi, sisi tulijaribiwa. "Chuchumaa," mama alisema. "Nyanyua mikono. Haya, kimbia mpaka kwa yule muuza dagaa, urudi." Ulirudi unahema, wauzaji wakicheka: "Mama Nestori, unanunua suruali au unanunua ng'ombe?" Yeye hakucheka. Aliuvuta mshono kwa meno, akapima kina cha mifuko, akachagua rangi ya udongo. Nguo nyeupe, alisema, inakuita kwa jina.

Shuleni nilivaa kaptura yenye viraka viwili matakoni, wenzangu wakaviita televisheni, huku suruali nzima imelala nyuma ya mlango. Kila baada ya mavuno furushi lilifunguliwa tukajaribishwa. Iliyokubana ilishuka kwa mdogo wako. Harufu ya dawa ya nondo na sabuni ya mche ilijaa chumbani, ikachanganyika na ya maharage jikoni. Kisha fundo likafungwa tena. Hata mchezo wetu ulitoka humo: mmoja anagonga sufuria, wengine tunakimbilia mlangoni, wa mwisho ndiye aliyebaki. Mdogo wangu Odeta alibaki kila mara, na alilia kweli.

Baba alipofariki, furushi lilifunguliwa kwa sababu nyingine. Alizikwa na shati na suruali yake ya safari, nguo ambazo hazikuwahi kuona jua. Buti zake zilirudi kwenye furushi. "Zitakufaa wewe," mama aliniambia. Nilikuwa mtoto wa kuwaza sana. Ngurumo ikipiga nilidhani ni bunduki, hadithi za wakubwa zikanijia, halafu nilikumbuka: buti zipo. Nikalala.

Mwaka huu, baada ya kukaa nyumbani na shahada yangu hadi majirani wakaacha kuniuliza, nilipata kibarua cha kukagua mashamba ya tumbaku. Msimamizi alisema asiye na buti asipande gari. Kule kuna nyoka na visiki. Buti za dukani sikuziweza. Siku moja kabla ya safari nilikwenda kumwomba mama zile za baba.

Mama aligeuka akaliangalia furushi. Sasa sisi ni raia, vyeti vipo, hakuna anayetufukuza. "Na siku ikija?" aliuliza.

"Mama, siku yenyewe ndiyo hii. Nikikosa hiki kibarua, sina kingine."

Odeta alikuwa mlangoni na simu yake. "Bro, hizo si za makumbusho? Vaa raba tu, mbona unajitesa!"

Mama alifungua fundo. Ngozi ilikuwa bado inang'aa. Nikavaa, nikakaza kamba, naye akasema kama zamani: "Kimbia mpaka kisimani, urudi."

Sikufika nusu ya uwanja. Soli zilimomonyoka kama mkate mkavu, vipande vyeusi vikabaki mchangani nyuma yangu. Miaka yote ile zilikuwa zinaoza zikiwa mpya.

Odeta hakucheka. Mama aliinama, akaokota kipande kimoja kimoja, akaviweka kwenye upindo wa kitenge chake. "Kumbe tungefika wapi," alisema.

Asubuhi gari liliondoka bila mimi.

Vijana wa siku hizi wananunua raba nyeupe pee, za kukwepa hata tope la mitaa ya Kawajense. Zamani ningewacheka. Angalau wao wanazivaa. Sisi tuliogopa kila kitu, lakini tulilala, maana tulijua kilichokuwa nyuma ya mlango. Sasa hapo hakuna kitu. Mama bado anapaangalia kabla ya kuzima taa, na mimi ngurumo naisikiliza mpaka mwisho.