Uso wa Binti wa Jirani

Jirani yetu wa Tottenham, mama wa Kizimbabwe, alipotolewa kwenye fleti yake alikuja kuniwekesha mzigo mmoja tu: kichwa cha jiwe jeusi. Ulikuwa uso wa binti yake aliyefariki. Marehemu mumewe, mchongaji wa Kishona, aliuchonga mwenyewe, akaupasha moto na kuupaka nta mpaka ukang'aa, nywele akaziacha za kukwaruza vilevile. Picha za mtoto zilipotea zote katika kuhamahama.

"Dada, huyu ndiye niliyebaki naye," aliniambia kwa Kiingereza. "Wiki tatu tu. Hosteli hawampokei."

Nilikubali shingo upande. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Unguja, na tangu atue hakuna nilichopika kikamridhisha. Alipoliona lile jiwe sebuleni akakunja mswala wake. "Mimi sisali na sanamu. Malaika hawaingii humu." Nikalifunika kanga. Loo! Kanga haitoshi, akasema, ufutwe uso, libaki jiwe kama mawe mengine.

Ningeweza kulitia kwenye kabati la korido, mambo yakaisha. Dini haikunituma kuharibu amana ya mtu. Nilikuwa najipendekeza, basi. Nikachukua nyundo na bisibisi ya mume wangu. Pua ilitoka kwa pigo moja. Macho yalinisumbua, yalikuwa ya kitoto, moja dogo kuliko lingine, na meno ya mbele yana mwanya. Nilikwangua mpaka weusi ukaisha, pakabaki kijivu kama jivu la jikoni. Mama mkwe akanambia, "Sasa umekuwa mwanangu," nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kutwa nzima.

Jirani aliporudi nikamwambia limeanguka. Akapitisha vidole pale palipokuwa na uso. Mke wa mchongaji humdanganyi; alama ya chuma anaijua. Nilitamani anitukane, nami nipate pa kumjibia, maana mdomo ninao. Hakunitukana. Alikaa kitako sakafuni na jiwe lake mapajani.

"Dada, sura yake imeanza kunitoka," akasema. "Wewe umekaa naye wiki tatu. Niambie tu, alikuwaje?"

Mimi ndiye mtu wa mwisho kumwona, na nilimkumbuka vizuri sana. Lakini kumweleza ni kukiri kwamba nilimtazama huku nampiga.

"Sikumwangalia," nikamjibu, nikaenda kumfungulia mlango.